Matini Moja, Mashine Tatu

Wengi wetu hutumia programu za kompyuta kila siku bila kujua kwamba programu huishi maisha mawili. Maisha ya kwanza ni ya maandishi: mtu ameketi, ameandika kwa herufi na tarakimu anachotaka mashine ifanye, na mtu mwingine mwenye subira anaweza kuyasoma na kuyaelewa. Maisha ya pili ni ya amri tupu za prosesa, mfululizo mrefu wa sifuri na moja ambao hakuna asomaye kwa raha. Kati ya maisha hayo mawili yuko mfasiri. Mafundi humwita kompaila, nasi tutalitumia jina hilo. Tunapenda kuzungumza nanyi juu yake kwa sababu kazi ya kupima mvua ilitulazimu kumfahamu kwa karibu kuliko tulivyotazamia.

Sisi ni watu sita tunaokutana kila Jumamosi katika chumba cha nyuma cha parokia, juu ya mteremko unaotazama Ziwa Kivu. Hatuhitaji kuwakumbusha mvua ilivyofanya huko Kalehe mwezi wa Mei 2023, pale Bushushu na Nyamukubi, ambako watu zaidi ya 400 walipoteza maisha. Tangu siku zile kila mvua ya usiku huamsha watu, na kila anayeishi chini ya mlima hujiuliza swali moja: tuondoke au tubaki? Hakuna kompyuta ndogo itakayolijibu swali hilo kikamilifu. Lakini ipo hesabu moja nyepesi inayoweza kusaidia, nayo imejulikana kwa wataalamu wa maji kwa miaka mingi.

Hesabu hiyo hutokana na jambo ambalo kila mkulima analijua. Mvua ileile inayonywewa na udongo mkavu bila shida, ikinyesha juu ya udongo uliolowa siku kumi mfululizo, hutiririka na kubomoa. Udongo una kumbukumbu. Basi kila asubuhi twachukua kipimo cha unyevu cha jana, twakipunguza kidogo kwa kukizidisha kwa namba kama 0.9, kisha twajumlisha mvua ya leo. Ikiwa jana kipimo kilikuwa 50, leo kinabaki 45. Na mvua ikiwa milimita 20, kinapanda hadi 65. Kuzidisha mara moja na kujumlisha mara moja, ndiyo yote. Yashikeni hayo mawili, kuzidisha na kujumlisha, kwa maana tutayarudia mbele.

Programu ya hesabu hiyo tulipewa na mzee mmoja, mtaalamu wa kilimo aliyestaafu, ambaye aliiandika mwenyewe akiwa bado kazini. Ilikuwa na mistari isiyofika mia tatu, pamoja na faili la vipimo vya mvua vya miaka kumi na miwili. Aliiandika kwa Fortran. Baadhi yetu walicheka kidogo, kwa kuwa lugha hiyo ina umri wa babu zetu. Ilianzishwa katika kampuni ya IBM na kikundi kilichoongozwa na John Backus, na kompaila yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1957 kwa ajili ya mashine iliyoitwa IBM 704. Kabla yake, aliyetaka kuihesabisha mashine aliandika amri za mashine ile, moja baada ya nyingine. Akihamia mashine nyingine, kazi yote ilianza upya. Wengi waliamini kwamba mfasiri wa kimashine hawezi kamwe kuandika amri nzuri kama za binadamu hodari. Backus na wenzake walitumia karibu miaka mitatu kuonyesha kwamba anaweza.

Na kicheko chetu hakikudumu. Vituo vikubwa vinavyotabiri hali ya hewa duniani bado vinaendesha programu zilizoandikwa kwa sehemu kubwa kwa Fortran. Kompyuta ya Fugaku iliyoko Kobe, Japani, iliyoshika nafasi ya kwanza duniani kwa kasi mwaka 2020, ilijengwa kwa prosesa za ukoo wa ARM, ukoo uleule wa prosesa za simu zenu, na Fortran ni miongoni mwa lugha zinazofasiriwa hapo. Lugha imebaki, mashine zimepita. Dalili za uzee wake zinaonekana hata hivyo: katika matini ya mzee wetu kila mstari wa amri ulianzia nafasi ya saba na kuishia nafasi ya sabini na mbili, kwa sababu hapo zamani mistari ilitobolewa katika kadi za karatasi, kadi moja kwa mstari mmoja. Mstari ulioanza na herufi C ulikuwa wa maelezo kwa binadamu, na kompaila iliuruka.

Programu ilitufikia ndani ya flashi katika sura zake zote mbili, matini na faili lililokwisha kufasiriwa. Kijana mmoja alikuwa amemsaidia mzee kuifasiri katika kompyuta yake mpya. Tulipoiendesha faili ile katika kompyuta mpakato ya parokia, yenye prosesa ya Intel ya mwaka 2009, ilizimika papo hapo na ujumbe kwamba amri si halali. Hapakuwa na ubovu wowote. Kijana yule alikuwa ameiambia kompaila, kwa neno `-march=native`, itumie kila amri ambayo prosesa yake inaijua; na zilikuwamo amri ambazo prosesa za Intel zilianza kuwa nazo mwaka 2013. Mashine yetu ilisomewa neno ambalo halikuwamo katika lugha yake siku ilipozaliwa. Koo ni moja, vizazi ni viwili.

Kisha tukalijaribu faili hilohilo katika kikompyuta cha Raspberry Pi, kinachoenea katika kiganja. Hicho ndicho tulichokitamani zaidi, kwa kuwa kinaridhika na wati chache tu, na paneli ndogo ya jua pamoja na betri vyatosha kukiweka macho usiku wa mvua, saa ambazo umeme wa mji hauaminiki. Kikompyuta hakikufika hata kwenye amri ya kwanza. Kilitangaza kwamba umbo la faili hakilijui kabisa. Prosesa yake ni ya ukoo wa ARM, na hapo si suala la maneno mapya na ya kale. Ni lugha mbili tofauti tangu mzizi. Prosesa ya Intel ina amri za urefu mbalimbali, kuanzia baiti moja hadi kumi na tano, na rejista kumi na sita za kazi za kawaida. Prosesa ya ARM ya biti 64 ina amri za urefu mmoja tu, baiti nne kila moja, na rejista thelathini na moja. Rejista ni kama mikono ya prosesa: alicho nacho mkononi hukifanyia kazi mara moja, na kilichosalia sharti akifuate katika kumbukumbu. Mpishi mwenye mikono mingi hapangi jiko lake sawa na mwenye michache.

Laiti mzee angekuwa ametunza lile faili lililofasiriwa peke yake, habari ingeishia hapo. Kazi ya maisha ya mtu ingekuwa imefungwa ndani ya lugha ya mashine ambayo haikuwa yetu. Lakini alitunza matini. Tuliisakinisha kompaila ya gfortran, ambayo hupatikana bure na imekuwa sehemu ya mkusanyiko wa kompaila za GCC tangu mwaka 2005, tukaifasiri matini ileile mara mbili: mara moja kwa Intel, mara moja kwa ARM. Hatukubadilisha hata herufi moja. Tena si lazima kila mashine ijifasirie. Mara moja, umeme ulipopatikana kwa saa mbili tu, mpakato ulifasiri kwa niaba ya kikompyuta, ukatoa faili ambalo wenyewe usingeweza kuliendesha.

Namna kompaila inavyoweza haya inastahili kuelezwa. Fikirini soko la Kadutu siku yenye watu wengi, ambako Kiswahili, Mashi, Kihavu, Kirega na Kifuliiru hukutana. Kama kila lugha ingehitaji mkalimani wake kwa kila lugha nyingine, tungehitaji umati wa wakalimani. Sisi twafanya vyepesi zaidi: kila mmoja huleta neno lake katika Kiswahili, na kutoka Kiswahili linakwenda linakotakiwa. Kompaila za siku hizi zimejengwa hivyo. Sehemu ya mbele husoma Fortran na kuigeuza kuwa lugha ya kati, ambayo si ya binadamu wala ya prosesa yoyote. Katika lugha hiyo ya kati, kazi hunyooshwa na yasiyo ya lazima huondolewa. Sehemu ya nyuma, moja kwa kila ukoo wa prosesa, ndiyo huandika amri za mwisho. Prosesa ya ukoo mpya ikizaliwa kesho, haiwi lazima kuigusa sehemu inayosoma Fortran. Huandikwa sehemu ya nyuma tu, na matini za miaka sitini zinaanza kusema kwa lugha ambayo waandishi wake hawakuwahi kuisikia.

Programu ikaanza kutembea, lakini namba zilizotoka zilikuwa za kushangaza. Kituo cha mvua chenye namba 1 kilijitambulisha kuwa kituo namba 16777216. Mzee alipoona tarakimu hiyo alitabasamu, akatuambia kwamba faili la vipimo liliandikwa katika mashine ya kampuni ya Sun, ambayo haipo tena. Hiyo ndiyo mashine yetu ya tatu. Hatukuwahi kuiona, nayo ilikuwa imeacha mazoea yake ndani ya faili. Namba kamili hujaza baiti nne. Mashine ya Sun iliandika kwanza baiti kubwa, kama sisi tunavyoandika maelfu kabla ya mamoja. Intel huanza na baiti ndogo, na ARM kwa kawaida nayo vivyo hivyo. Moja iliyosomwa kinyume inakuwa milioni kumi na sita na zaidi. Mwaka 1980 Danny Cohen aliyaita makundi haya mawili kwa majina aliyoyaazima katika hadithi ya Jonathan Swift, ambamo watu wanapigana kwa kubishania yai livunjwe upande mnene au upande mwembamba. Tuliona jina hilo lafaa. Neno moja, `-fconvert=big-endian`, liliiagiza kompaila isome faili kwa desturi ya mashine iliyokufa, na vituo vyote vikarudi mahali pake.

Hadi hapo shida zilikuwa za wazi. Mashine ilikataa, au ilitoa upuuzi ambao hata mtoto angeutambua. Iliyofuata haikuwa na kelele, nayo ndiyo iliyotunyima usingizi.

Matini ya mzee ilikuwa na kizingiti: kipimo kikifika 60, programu huandika neno ONYO. Ili kuijaribu, tulitunga kwa makusudi mfululizo wa mvua ambao ungekifikisha kipimo kwenye kizingiti hasa, tukauingiza katika mashine zote mbili. Kikompyuta kiliandika ONYO. Mpakato haukuandika kitu. Matini ni moja, vipimo ni vilevile, kompaila ni ya toleo moja. Mashine moja inawaambia watu waondoke, nyingine inawaacha walale. Tulizichapa namba zenyewe: huku 60.000000, kule 59.999996.

Tulifikiri mwanzoni kwamba prosesa moja ina kasoro. Haina. Kompyuta haiwezi kuhifadhi 0.9 kikamilifu, kama nasi tusivyoweza kuandika theluthi moja kwa tarakimu zenye mwisho. Hivyo kila hatua ya hesabu ina mahali pa kukadiria. Hapo zamani kila kampuni ilikadiria kwa mtindo wake, hata mwaka 1985 wakakubaliana juu ya kanuni moja, kazi ambayo William Kahan aliifanyia juhudi kubwa. Kanuni hiyo inaheshimiwa na Intel na ARM vilevile. Lakini kuzidisha na kujumlisha kunaweza kufanywa kwa njia mbili, na zote mbili ni halali.

Fikirini wauzaji wawili wasio na noti ndogo, ambao hukadiria bei hadi mamia ya faranga. Umenunua vitu viwili, kila kimoja faranga 340. Muuzaji wa kwanza hukadiria kila kitu peke yake: 300 na 300, lipa 600. Wa pili hujumlisha kwanza, anapata 680, ndipo anakadiria: lipa 700. Hakuna mwizi kati yao. Mpakato wetu ni kama muuzaji wa kwanza: huzidisha, hukadiria, hujumlisha, hukadiria tena. Prosesa ya ARM ya kikompyuta ina amri moja inayozidisha na kujumlisha kwa mkupuo na kukadiria mara moja tu mwishoni, na gfortran, isipozuiwa, huitumia kwa hiari yake. Prosesa za POWER za IBM zilikuwa na amri kama hiyo tangu mwaka 1990. Mpakato wa mwaka 2009 hauijui. Na hesabu ya udongo wetu, kama mnavyokumbuka, ni kuzidisha na kujumlisha, siku baada ya siku.

Lipo neno la kuikataza kompaila isiviunganishe vitendo hivyo viwili, nalo ni `-ffp-contract=off`. Tulilitumia, mashine zikapatana mara moja, hadi tarakimu ya mwisho. Baadhi yetu walifurahi na kutaka tufunge mjadala. Wengine hawakuridhika, na tulibishana Jumamosi nzima. Kwani kwa kupatana, mashine zilikuwa zimekaribia ukweli? Hata kidogo. Njia ya kukadiria mara moja, kwa hatua ile moja, ndiyo iliyo karibu zaidi na hesabu kamili. Sisi tulikuwa tumeikataza mashine iliyo makini ili ifanane na isiyo na uwezo huo. Tulikuwa tumenunua amani. Amani hiyo ina faida yake, hatukatai: mtu anayelinganisha mashine mbili akitafuta makosa anaihitaji. Ila haikujibu swali la nani aondoke.

Tulikwenda kwa mzee jioni hiyohiyo.

"Mzee," tukamwambia, "mashine mbili zinabishana, nasi hatujui ipi tuiamini."

Aliziangalia namba kwa muda. "Wanangu," akasema, "chombo chenu cha mvua kina mistari ya milimita ngapi?"

"Milimita moja moja, Mzee."

"Na asubuhi anayekisoma ni nani?"

Tukamtajia. Ni mwenzetu, naye huvaa miwani.

"Basi yeye anaweza kukosea nusu milimita bila dhambi yoyote. Na ninyi mmenijia usiku na sehemu nne za milioni moja za milimita." Akanyamaza, kisha akaongeza kwa sauti ya chini: "Ile sitini niliiweka mimi. Niliitoa katika vipimo vya mlima mmoja, miaka ile. Si mashine iliyoiweka."

Maneno hayo yalitutuliza na kutuelemea kwa pamoja. Tulikuwa tumeitafuta haki kati ya Intel na ARM, ilhali tofauti yao ni nyembamba mara nyingi kuliko tone moja lililobaki kwenye ukingo wa chombo. Uzito wote ulikuwa juu ya ile namba 60, na juu ya mstari mmoja wa matini uliokata dunia vipande viwili, ONYO na kimya. Prosesa za koo mbili ndizo zilizotufunulia jambo hilo. Tungekuwa na mashine moja tu, ingetupa jibu moja, nasi tungeliamini.

Sasa programu imebadilishwa, kwa idhini ya mzee na mbele yake. Haiandiki tena neno moja. Huchapa kipimo chenyewe kwa tarakimu moja baada ya nukta, na kikiwa kati ya 50 na 60 huandika ANGALIENI, maana yake wawili wetu waende kuutazama mto kwa macho na kuongea na wazee wanaokaa kando yake kabla giza halijaingia. Kikompyuta kinafanya kazi kwa betri, mpakato unabaki kama shahidi wa pili, na kila mwisho wa mwezi tunaifasiri matini upya kwa zote mbili na kulinganisha. Kizingiti chenyewe tunaendelea kukichunguza kwa kuandika, kila baada ya mvua, maji yalifika jiwe gani.

Mzee aliomba kitu kimoja tu. Juu kabisa ya matini, katika mistari inayoanza na herufi C, tumeandika majina ya mashine ilizojaribiwa, jinsi faili la zamani linavyosomwa, na kwamba sitini iliwekwa na mtu. Chini yake ameagiza tuache mistari mitupu kadhaa.